Ndoano iliyofichwa: historia ya chambo cha plastiki na mabonde yaliyozama



Wiki iliyopita picha moja ilizunguka kwenye simu hapa kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Kijana wa familia iliyohamishiwa Marekani, jimbo la Texas, aliwatumia jamaa zake picha akiwa ameshika samaki mnene wa rangi ya kijani, kinywa wazi. Pembeni ya mdomo wa samaki kulining'inia kitu cha ajabu. Kilikuwa na mwili wa mnyoo, koleo za kaa na miguu mingi kama ya mjusi, na chote kilikuwa cha plastiki laini. Watu walicheka. Watoto waliuliza kama Wamarekani wanavua kwa michezo ya kuchezea.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye nyavu zake zilibaki kule alikokimbia vita, hakucheka. Aliishika simu, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii ni kaa ao ni mjusi? Na ndoano iko wapi?"

Nilimjibu: "Sijui, Mzee. Nitatafuta." Nimetafuta, na leo ninaleta jibu. Swali lake la pili ndilo lenye historia ndefu. Ndoano ilikuwa imefichwa ndani ya mwili wa chambo, na sababu ya kuifichwa inatupeleka kwenye mabonde yaliyozamishwa na watu walioambiwa wahame.

Njaa, mvua na chambo kimoja

Samaki wa kwenye picha anaitwa besi mwenye kinywa kikubwa. Kwao ni Amerika ya Kaskazini, kuanzia upande wa Maziwa Makuu ya Kanada na Marekani hadi Florida na kaskazini ya Mexico. Ni mwindaji wa kuvizia. Hujificha kwenye majani ya majini, kwenye visiki na chini ya miti iliyoanguka. Mawindo yakipita karibu, hufungua kinywa ghafla na kuyavuta pamoja na maji. Dume hulinda mayai na watoto, kama kuhe wetu wa Tanganyika anavyowalinda wake.

Besi mkubwa anayejulikana kuliko wote alivuliwa na mtu mwenye shida. Ilikuwa tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na watu wengi hawakuwa na kazi. Kijana mkulima George Perry, aliyekuwa amefiwa na baba yake, alikuwa na familia ya kulisha. Siku hiyo mvua ilizuia kazi ya shamba, basi yeye na rafiki yake wakaenda kuvua kwenye Ziwa Montgomery, kando ya mto Ocmulgee. Wote wawili walikuwa na chambo kimoja tu cha mti.

Maji yaliporuka na Perry akavuta, hakuna kilichosogea. Alidhani samaki amezamia na kuunasa uzi kwenye kitu chini ya maji. Mvuvi yeyote anayenisikia anajua namna moyo unavyoanguka wakati huo: kama uzi ukikatika, chambo kimekwenda, na kazi ya siku imekwisha. Safari hiyo uzi haukukatika. Samaki alipopimwa alikuwa na ratili 22 na aunsi 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10. Familia ilimla. Rekodi hiyo haikufikiwa na mtu mwingine hadi mwaka 2009, kwenye Ziwa Biwa, Japani.

Weka akilini chambo hicho kimoja. Vyambo vya mti vya zamani vilikuwa na ndoano zilizo wazi, mara nyingi zenye ncha tatu. Kwenye maji matupu hufanya kazi vizuri. Lakini besi hakai kwenye maji matupu, anakaa kwenye visiki. Ukitupa ndoano iliyo wazi pale alipo, unavua kisiki. Ukiitupa mbali na kisiki, huvui kitu. Kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa fumbo la wavuvi wa besi.

Ngozi ya nguruwe

Kabla ya plastiki watu walijaribu vitu vingine. Minyoo ya mpira mgumu ilikuwako tangu karne ya 19, ila haikutingishika majini kama mnyoo wenye uhai. Katika miaka ya 1920, kwenye jimbo la Wisconsin, ngozi ya nguruwe ilianza kukatwa vipande vyenye umbo la chura au mkia na kuuzwa ndani ya chupa za maji ya chumvi. Ilikuwa laini na ngumu kuchanika, na ilicheza vizuri majini. Shida yake ilikuwa jua: ukiisahau nje kwa muda mfupi, inakauka kama kipande cha kiatu.

Ninaitaja kwa sababu wazo la chambo laini chenye miguu na mikia halikutoka kiwandani. Lilitoka kwa watu waliotazama mabaki ya jikoni na kuona chakula cha samaki.

Jiko la Akron

Sasa twende Akron, jimbo la Ohio. Mji huo ulijulikana kama mji wa mpira, maana kampuni kubwa za matairi zilikuwa pale. Sisi Wakongomani neno "mpira" tunalisikia kwa maumivu. Babu zetu waligemeshwa mpira kwa kiboko wakati wa Leopold wa Pili. Kisha mwaka 1942, Japani ilipoteka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki na viwanda vya Washirika vikakosa mpira, Wabelgiji waliwarudisha watu msituni na kuongeza kazi ya lazima hadi siku 120 kwa mwaka. Viwanda vya matairi vilikuwa mbali sana, lakini njaa yao ilifika hadi kwenye misitu yetu.

Katika mji huo wa Akron, mwaka 1926, mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Alichukua plastiki inayoitwa PVC, ambayo wakati huo ilikuwa ngumu na haina kazi kubwa, akaipasha moto ndani ya kimiminika. Gundi hakuipata. Alipata kitu laini, chenye kunyumbuka kama mpira. Ni ukoo wa plastiki tunayoiona leo kwenye ngozi za nyaya za umeme na kwenye buti nyingi za mvua zinazouzwa sokoni.

Miaka 23 baadaye, mwaka 1949, katika mji uleule, fundi wa mashine Nick Creme na mke wake Cosma walianza kupika plastiki laini nyumbani kwao. Walichanganya vinili, mafuta na rangi, wakamimina kwenye kalibu yenye umbo la mnyoo wa kweli. Baada ya majaribio walipata mnyoo uliokuwa laini mkononi, ulioyumba majini na usiokauka ndani ya sanduku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wakiuuza kwa posta. Maagizo yalipozidi kutoka kusini, kazi yao ilihamia mji wa Tyler, jimbo la Texas, na ni huko ambako mnyoo wa plastiki ulikutana na visiki.

Bonde lililozama

Hapa ninaomba tutulie kidogo, kwa sababu magazeti ya uvuvi hupita haraka mahali hapa.

Texas ni jimbo kubwa, lakini maziwa ya asili yake ni machache mno. Karibu maziwa yote ambayo watu wanavua besi ni mabwawa yaliyojengwa na binadamu. Ukame mkali wa miaka ya 1950 uliharakisha ujenzi huo. Kwenye mpaka wa Texas na Louisiana, bwawa la Toledo Bend lilianza kujazwa maji mwaka 1966. Lina upana wa karibu kilomita za mraba 750, yaani zaidi ya robo ya Ziwa Kivu. Sehemu kubwa ya msitu haikukatwa. Maji yalipanda, miti ikazama ikiwa imesimama, na besi wakaingia kuishi kati ya matawi.

Lakini mabonde hayo hayakuwa na miti peke yake. Chukua bwawa la Norris, jimbo la Tennessee, lililomalizika mwaka 1936 chini ya shirika la serikali la TVA. Lilileta umeme na kuzuia mafuriko, na faida hizo ni za kweli. Leo ni ziwa zuri la kuvua besi. Ili lijae maji, karibu familia 2,900 ziliondolewa, na makaburi zaidi ya 5,000 yalihamishwa. Wenye ardhi walilipwa. Waliokuwa wakilima kwa kukodi hawakuwa na ardhi ya kulipwa, wakaenda na vyombo vyao tu.

Nilipofika hapo nilielewa kwa nini swali la Mzee lilikuwa zito. Kisiki kinachonasa ndoano huenda kilikuwa mti wa kivuli mbele ya nyumba ya mtu. Seng'enge inayokata uzi ilikuwa mpaka wa shamba. Msingi wa mawe ambao besi anauzunguka ulikuwa jiko la mama fulani. Wavuvi wa leo wana ramani zinazoonyesha barabara za zamani chini ya maji, kwa sababu samaki hufuata barabara hizo. Watu waliotembea juu yake hawamo kwenye ramani.

Kuificha ncha

Mnyoo wa kwanza wa Creme uliuzwa ukiwa na ndoano zake tayari. Kwenye misitu iliyozama ya mashariki ya Texas ulinasa kama vyambo vingine. Wavuvi wa kule, katika miaka ya 1950 na 1960, waligundua namna ya kuichomeka ndoano ndani ya plastiki yenyewe, ncha isionekane. Mtindo huo haukubeba jina la mtu mmoja. Umebeba jina la jimbo: mtindo wa Texas. Unafanywa hivi.

Kwanza, uzi unapitishwa ndani ya chubwi yenye umbo la pia, yaani ile risasi ya kuzamisha. Ni madini ninayosema, ndugu zangu, si risasi ile tunayoikimbia. Chubwi hiyo haifungwi. Inateleza kwenye uzi, na upande wake mwembamba unatangulia mbele ili upenye kwenye majani. Uzito wake ni gramu 3 au 4 kwenye maji mepesi, na gramu 14 au zaidi kwenye majani mazito.

Pili, inafungwa ndoano yenye kona karibu na tundu lake. Ncha inachomwa katikati ya kichwa cha chambo, inaingia karibu nusu sentimita, kisha inatolewa pembeni. Chambo kinasukumwa juu hadi kichwa chake kikae kwenye ile kona.

Tatu, ndoano inageuzwa ili ncha iutazame mwili wa chambo. Kabla ya kuchoma tena, chambo kinaachwa kining'inie kando ya ndoano, na mvuvi anatazama ni wapi hasa pindo la ndoano linafika. Anachoma hapo, si mbele wala nyuma yake. Hatua hii ndiyo inayowashinda wanaojifunza. Ukichoma mbele mno, chambo kinajikunja. Ukichoma nyuma mno, kinavutika na kuchanika. Chambo kilichopinda kinazunguka majini kama pangaboi, kinasokota uzi, na samaki anakikataa.

Nne, ncha inapita karibu mwili wote, kisha inaachwa chini ya ngozi nyembamba ya juu. Ukipitisha kidole, haikuchomi. Chambo kinapita juu ya kisiki, ndani ya majani na kati ya matawi bila kushika. Samaki akikibana na mvuvi akavuta kwa nguvu, plastiki laini inabonyea na ncha inatoka.

Ndiyo siri yote. Haikuhitaji mashine wala fedha nyingi. Ilihitaji mtu aliyechoka kupoteza ndoano.

Mnyama asiye na jina

Sasa yule mnyama wa kwenye picha. Katika miaka ya 1970, mvuvi wa California aitwaye Dee Thomas alikuwa akivua kwenye matete mazito kwa ufito mrefu na uzi mfupi. Hakutupa chambo mbali. Alikitumbukiza kimyakimya kwenye kila tundu la matete, hatua chache kutoka mtumbwini. Mwaka 1975 alishinda shindano kubwa kwenye bwawa la Bull Shoals, jimbo la Arkansas. Baadhi ya wenzake walilalamikia ufito wake mrefu, na wasimamizi wa mashindano waliweka mpaka wa urefu wa ufito. Uvuvi wake ukabaki, na wengi wakauiga.

Uvuvi wa namna hiyo ulidai chambo kingine. Mnyoo mrefu mwembamba hujisokota kwenye matete. Kinachofaa ni chambo kifupi, kinene, chenye kuanguka polepole na kusukuma maji, ili samaki aliye gizani akisikie kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Waundaji wakachukua koleo za kamba wa maji baridi, miguu ya mjusi wa majini na mkia wa mnyoo, wakaviunganisha kwenye mwili mmoja. Kufikia miaka ya 1990 vyambo hivyo vilikuwa vimeenea. Havifanani na mnyama yeyote aliyeumbwa. Besi hajali jina la mnyama. Anachojali ni kwamba kitu chenye nyama kimeanguka mbele ya nyumba yake.

Namna ya kukiweka ni ileile ya Texas, kwa mabadiliko mawili. Ndoano huwa nene zaidi, maana mwili wa chambo ni mnene na samaki lazima atolewe kwa nguvu kabla hajajifunga kwenye matawi. Na chubwi haiachwi iteleze. Wavuvi walikuwa wakivunja kijiti cha kuchokolea meno ndani ya tundu lake, ili chubwi na chambo vianguke pamoja na visitenganishwe na tawi.

Wakati huo uvuvi wa besi ulikuwa umekwisha kuwa biashara. Ray Scott alianzisha mashindano yake mwaka 1967, na tangu mwaka 1972 aliwahimiza washindani kumrudisha samaki majini akiwa hai. Kwa mtu mwenye njaa jambo hilo ni gumu kuelewa, na Perry wa mwaka 1932 angelishangaa. Hata sasa anayetaka kula besi ana sheria yake. Texas, kwa kawaida, inaruhusu samaki 5 kwa siku, na kila mmoja asipungue karibu sentimita 35 na nusu. Leseni nayo, kwa kawaida, ni lazima. Ndugu zetu mlio kule, tafadhali ulizeni sheria ya kila ziwa kabla ya kutupa uzi.

Jiwe la kwetu kwenye uzi wao

Kuna sehemu moja ya historia hii inayotugusa moja kwa moja. Risasi ni sumu. Ndege wa majini wanaomeza chubwi ndogo hufa. Uingereza ilizuia uuzaji wa zile ndogo mwaka 1987, na baadhi ya majimbo ya Marekani yakafuata. Wavuvi wakatafuta madini mengine na wakaipata tungsteni. Ni nzito sana: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19 na zaidi, wakati risasi ina gramu 11 na kidogo. Chubwi inakuwa ndogo kwa uzito uleule, na ikigonga jiwe mvuvi anasikia mkononi.

Tungsteni inatoka kwenye jiwe la wolframiti. Wachimbaji wa Kivu wananielewa. Sisemi kwamba kila chubwi ya Marekani imetoka kwetu, maana sehemu kubwa ya tungsteni ya dunia inatoka China. Lakini mwaka 2010 Marekani ilipotunga sheria ya kudai kampuni zichunguze madini ya Kongo na jirani zake, ilitaja manne: bati, tantalamu, dhahabu na hiyo tungsteni. Mwaka uleule Serikali yetu ilisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema kwa miezi kadhaa, na familia nyingi za wachimbaji zilikosa chakula. Kwa hiyo kichuma kidogo kinachogonga mawe kwenye bwawa la Tennessee ni cha aina moja na jiwe ambalo watu wa hapa wamelichimba kwa mikono, wamelikimbia, na wamezuiwa kuliuza.

Kinachobaki majini

Sitaki mtu asome haya kisha aende kutupa plastiki ziwani. Chambo laini kikichanika hakiozi. Samaki anaweza kukimeza, na kinamkaa tumboni. Mwaka 2013 jimbo la Maine lilijadili mswada wa kuvipiga marufuku. Haukupita kama ulivyoandikwa, lakini mjadala ulikuwa wa haki. Ukikiona, kiokote.

Tena mtu asifikirie kumleta besi mwenyewe. Kenya walifanya hivyo. Mwaka 1929 besi aliwekwa kwenye Ziwa Naivasha kwa ajili ya uvuvi wa kujifurahisha. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Louisiana, mnyama yuleyule ambaye koleo zake zimeigwa kwenye plastiki. Besi walimla kwa furaha. Kamba naye alikula majani ya ziwa, na mayungiyungi ya buluu yaliyofunika ukingo yakapotea kwa miaka. Sisi tunajua kwamba samaki mgeni anaweza pia kulisha watu: sambaza wa Ziwa Kivu walitolewa hapa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wako kwenye sahani za Goma na Bukavu. Lakini Tanganyika ina samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na kosa moja la kumleta mgeni halirudishwi nyuma.

Tunachoweza kuchukua ni ile akili. Kipande cha ngozi ngumu ya tumbo la samaki kinaweza kuficha ncha ya ndoano kama plastiki inavyoificha, na kikibaki majini kinaliwa.

Jibu kwa Mzee

Juzi nilirudi kwa Mzee na mchoro kwenye karatasi. Nilimweleza kuhusu jiko la Akron, kuhusu Texas, kuhusu bonde la Norris. Alisikiliza. Kisha alitoa ndoano moja aliyoihifadhi kwenye kofia, akaomba kipande cha ngozi ya mkeke kwa mama jirani, akafanya hatua zote nne bila kutazama mchoro wangu mara ya pili. Alipitisha kidole juu yake. Haikumchoma.

"Kwetu pia kulikuwa visiki," aliniambia. "Kila kisiki kilikuwa na jina. Kimoja tulikiita Mama Mkwe, sababu kinachukua na hakirudishi."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Nilimwomba ayataje yote. Alitaja 11, na niliyaandika, pamoja na alama za ukingoni alizotumia kuvipata usiku.

Familia za Norris ziliondoka na vyombo vyao, na maziwa mengi yameandikiwa historia inayoanza siku maji yalipojaa, kana kwamba hapakuwa na mtu kabla. Sisi bado tuna wazee walio hai. Basi ninaomba hivi, ndugu zangu mlio kambini na mlio kwa jamaa: mwambieni kijana mmoja aandike majina ya visiki vyenu, miamba yenu, vijito na mahali mlipokuwa mkitega. Asiyejua kuandika arekodi sauti kwenye simu ya jirani. Mkileta, nitayasoma hapa, jina kwa jina, kuanzia na yale 11 ya Mzee.

Mungu akipenda tutasikilizana tena wiki ijayo.

Mwandishi wenu, kando ya Tanganyika